Mavazi na vifaa vya nyota wako wa tenisi: nini ununue kwanza ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Mashabiki wa kandanda wana raha yao. Ukishuka stendi ya Kisumu, jezi za Arsenal, Manchester United na Gor Mahia zimetundikwa kila upande, na hata mtoto wa darasa la pili anajua ipi ni ya msimu huu. Sisi wa tenisi hatuna jezi. Mchezaji wetu havai nambari mgongoni wala hana klabu ya mtaani, na duka linalouza vitu vyake liko Paris au New York. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba ukiwa huku kwetu, kumpenda Coco Gauff au Djokovic kunaishia kwenye runinga.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Vitu vya wachezaji wa tenisi vimejaa katika masoko yetu, ila vimelala ndani ya marundo ya mitumba bila mtu wa kuvitambua. Kabla ya pesa, unahitaji kujua nani alivaa kampuni gani, na kuanzia mwaka upi hadi upi. Ukiyajua hayo, shilingi mia tatu zinaweza kukupa kitu ambacho mwenye elfu kumi hakukiona. Nimepanga mambo hapa kuanzia kile ambacho ningekushauri ununue kwanza, hadi kile ambacho nakuomba usikiguse.

Nafasi ya kwanza: shati la mtumba

Mchezaji wa tenisi huvalishwa na kampuni moja kwa mkataba wa miaka kadhaa. Hiyo kampuni ndiyo jezi yake. Novak Djokovic alivaa Sergio Tacchini hadi 2012, akahamia Uniqlo mpaka 2017, kisha Lacoste, ambayo bado anaivaa. Roger Federer alikuwa mtu wa Nike kwa miaka mingi sana, halafu Julai 2018 akaingia uwanjani Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, akiwa amevaa Uniqlo. Rafael Nadal alibaki na Nike hadi alipostaafu Novemba 2024, na alama yake ni pembe za fahali. Andy Murray alianza na Fred Perry, akaenda adidas mwaka 2010, kisha Under Armour kuanzia 2015. Naomi Osaka alikuwa adidas kabla ya kuhamia Nike mwaka 2019. Serena Williams alijiunga na Nike mwishoni mwa 2003. Gauff yuko New Balance tangu akiwa msichana mdogo. Carlos Alcaraz na Jannik Sinner ni wa Nike.

Orodha hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya feki. Mtu akikuonyesha kitu chenye herufi RF za Federer pamoja na alama ya Nike, akuambie ni toleo la juzi, jua anakudanganya. Federer alipata haki ya nembo hiyo ya RF mwaka 2020, na tangu hapo kofia zake zikawa zinatengenezwa na Uniqlo. Cha Nike chenye RF kikiwa halisi, basi ni cha zamani, na kitambaa chake kitaonyesha umri huo.

Kuna jambo lingine ambalo hunifurahisha kila ninapopita kwenye vibanda. Wachezaji wengine waligeuka wenyewe kuwa majina ya nguo, na watu wanazivaa kanisani na kazini bila kujua kwamba wamevaa tenisi. René Lacoste alikuwa bingwa wa Ufaransa katika miaka ya 1920. Walimpa jina la mamba, na mwaka 1933 akaanza kuuza mashati yenye mamba kifuani. Fred Perry alishinda Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936, na ile taji ya majani unayoiona kwenye polo zake ndiyo yake. Sergio Tacchini naye alikuwa mchezaji wa Italia. Raba nyeupe za Stan Smith zenye kipande cha kijani nyuma, ambazo vijana wa chuo Maseno na Egerton wanazipenda sana, zimepewa jina la Mmarekani aliyeshinda US Open 1971 na Wimbledon 1972. Na Fila? Hiyo ndiyo iliyomvalisha Björn Borg wakati alipokuwa anashinda Wimbledon mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980. Kwa shabiki anayependa historia, polo ya Fred Perry iliyooshwa vizuri ina thamani kuliko fulana mpya yenye picha ya mtu.

Sasa sokoni. Kisumu, mahali pa kuanzia ni Kibuye, pale kabla ya kufika Kondele, na siku yake ni Jumapili. Nenda mapema, robota linapofunguliwa. Wauzaji huziita nguo za kuchaguliwa mwanzo kamera, na bei yake iko juu, lakini kwa shati la mchezo kamera inafaa gharama hiyo kwa sababu kola haijalegea na kwapa halijabadilika rangi. Ukifika alasiri utakuta zimebaki za kuchagua kwenye turubai, bei moja kwa zote, na hapo pia nimeona Uniqlo na New Balance zimetupwa pamoja na fulana za kampeni, kwa kuwa muuzaji hakuona alama anayoijua. Nike na Lacoste kila mtu anazijua, kwa hiyo bei hupanda. Uniqlo wengi hawaijui. Shabiki wa Djokovic wa ile miaka ya 2012 hadi 2017 ana bahati kubwa katika soko hili.

Mapatano huenda hivi. "Kastoma, hii ni kamera, nimefungua leo asubuhi. Mia tano tu." Nawe huonyeshi furaha. Unageuza kola, unaangalia mshono wa begani, unasema, "Mama, kola imeanza kukunjika. Nipe kwa mia mbili na hamsini nichukue na ile ya kijani." Ukichukua mbili, mara nyingi mtaelewana kwenye mia tatu kwa kila moja. Usiseme ni shati la mchezaji maarufu, maana ukilisema tu, shati limepanda bei.

Kabla ya kulipa, tafuta lebo ndogo ndani ya mshono wa ubavuni. Nguo za Nike za miaka hii zina msimbo wa alama sita, herufi zikiwa pamoja na tarakimu, kisha kistari, kisha tarakimu tatu za rangi. Tafuta msimbo huo mtandaoni kwa simu yako ukiwa hapo hapo. Nguo ikiwa halisi, picha inayotokea itafanana na ulichoshika mkononi. Ikitokea picha ya kiatu au suruali, rudisha kwenye rundo. Lacoste za wanaume hutumia nambari kwa saizi, kama 3, 4 au 5, na mamba wake ana mdomo mwekundu na meno yanayoonekana. Mamba aliyeshonwa kama mjusi mnene, nyuzi zikining'inia nyuma, huyo ametoka kwenye cherehani ya mtu mwingine.

Neno moja kuhusu nyeupe. Wimbledon huwalazimisha wachezaji kuvaa nyeupe karibu tupu, kwa hiyo mashati mengi mazuri ya mashindano hayo ni meupe. Yanapendeza. Lakini ukikaa Kakamega, Vihiga au upande wa Nandi Hills, ule udongo mwekundu utayala kwa miezi michache, na ukiyatia Jik ili yang'ae, kitambaa cha kunyumbuka kitachakaa na kuwa cha manjano. Nyeupe nunua ukiwa na mahali pa kuivaa pasipo vumbi. Vinginevyo tafuta rangi za US Open ya Marekani au Roland Garros ya Ufaransa, ambako wachezaji huruhusiwa kuvaa rangi wanazotaka.

Nafasi ya pili: kofia

Kofia ingeweza kuwa ya kwanza, kwa sababu saizi si shida, na jua la Kisumu linaitaka. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya feki, ambazo kwenye kofia ni nyingi kupita kiasi. Nembo ya kofia ni ndogo na rahisi kuiga, hasa RF na pembe za Nadal. Kofia halisi ya tenisi ni nyepesi, kitambaa chake kinakauka haraka, na ndani kuna utepe laini wa jasho ulioshonwa mzunguko mzima. Ikunje kidogo ukingo wake. Wa kadibodi huvunjika na kubaki na mstari, wa plastiki hurudi mahali pake. Ukiikuta ya kadibodi, iache, kwa sababu mvua ya kwanza ya Aprili itaimaliza.

Kofia ya mtumba ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuivaa, kisha uianike kivulini ikiwa imevishwa kwenye bakuli ili isipoteze umbo.

Nafasi ya tatu: ya Okutoyi, tutengeneze sisi wenyewe

Hapa moyo wangu unakaa. Julai 2022, Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi. Waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, yule Mboko aliyekuja kushinda mashindano makubwa ya Montreal mwaka 2025. Machi 2024 Okutoyi akachukua dhahabu ya wanawake kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra. Mchezaji wa namna hiyo, tuna haki ya kumvaa.

Ukingoja duka la nje likuletee, utangoja. Lakini mitumba ina zawadi iliyofichika. Okutoyi alienda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani, ambacho rangi zake ni samawati iliyoiva na machungwa, na nembo yake ni herufi A na U zilizofumana. Marobota yanayotoka Marekani huja na sweta za vyuo kwa wingi, na hizo za kofia zinafaa sana baridi ya Nakuru usiku. Ukiiona AU hiyo, iweke kwenye mfuko wako kabla jirani hajageuka.

La pili ni fulana ya kuchapisha. Mji wowote wetu una kijana mwenye mashine ya kuchapisha, lakini ubora unatofautiana sana, kwa hiyo jua unachokiomba. Uchapishaji wa vinaili, ule wa karatasi ya plastiki inayobandikwa kwa joto, ni mzuri kwa fulana moja au mbili, lakini ukiupiga pasi ya moto utabanduka. Uchapishaji wa skrini hudumu zaidi, ila mchapishaji atakutaka uagize nyingi, kwa sababu kutengeneza skrini ni kazi moja iwe ya fulana moja au hamsini. Mkiwa kikundi cha klabu au shule, chagueni skrini.

Mimi napendelea kudarizi. Kila mji wa magharibi una mafundi wanaodarizi nembo za sare za shule, na kazi yao ni safi kuliko tunavyowapa sifa. Wapelekee polo nzuri isiyo na alama, uwaombe bendera ndogo ya Kenya upande wa moyo na neno KENYA chini yake, na nyuma ya kola waandike mwaka, 2022. Nenda miezi kama Juni au Oktoba. Ukienda Januari utakuta foleni ya wazazi na sweta za shule, na fundi hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza.

Usiwaombe wakudarizie nembo ya Nike au RF. Hiyo ni bidhaa ghushi, na Kenya ina sheria dhidi yake tangu 2008. Wala usichukue picha ya mchezaji kutoka mtandaoni ukachapishe fulana za kuuza. Picha ina mwenyewe, na mchezaji naye anaishi kwa jina lake.

Nafasi ya nne: taulo, kupitia kwa ndugu

Taulo la Wimbledon ni kitu kizuri mno. Limetengenezwa na kampuni ya Christy tangu 1987, la kijani na zambarau, na kila mwaka hutoka toleo jipya, kwa hiyo mwaka wa ushindi unaoupenda unaweza kuwa na taulo lake. Wachezaji wenyewe wanajulikana kwa kuyapakia mkobani na kwenda nayo nyumbani. Njia nzuri ya kulipata ni shangazi au binamu aliyeko Uingereza anayekuja nyumbani Desemba. Mwambie mapema, mwezi wa Septemba hivi, wala usimwambie wiki ya safari wakati mizigo imeshapimwa. Mpe pesa kabla. Ndugu wa ng'ambo huombwa vitu na ukoo mzima, na anayetuma pesa mapema ndiye anayekumbukwa.

Nafasi ya tano: kuagiza nje

Inawezekana. Kadi ya M-Pesa ya GlobalPay inalipa kwenye maduka mengi ya nje, na vifurushi hufika. Tatizo ni hesabu. Kodi haihesabiwi kwa bei ya shati peke yake. Inahesabiwa kwa bei pamoja na usafiri na bima. Tuseme shati ni shilingi 6,000 na kulisafirisha ni 3,000. Jumla 9,000. Ushuru wa nguo mpya kwa kiwango cha asilimia 35 ni 3,150, tumefika 12,150. Juu ya hiyo, VAT ya asilimia 16 ni 1,944. Shati sasa ni shilingi 14,094, na bado kuna ada nyinginezo za forodha na za kampuni ya vifurushi, kisha nauli ya mzigo kutoka Nairobi. Kwa pesa hizo Kibuye ungevalisha timu nzima ya mixed, mwanamume na mwanamke wanaocheza pamoja, na wakufunzi wao.

Agiza tu kitu kimoja ambacho hakiwezi kupatikana kwingine na ambacho utakitunza miaka mingi. Mkiwa mashabiki kadhaa, agizeni pamoja ili mgawane usafiri. Na kwa wale wanaouza mitandaoni humu nchini wakisema wana mzigo Nairobi, omba upigiwe simu ya video uone lebo ya ndani, na ulipe ukishapokea kwenye ofisi ya vifurushi vya basi. Anayekataa yote mawili, achana naye.

Nafasi ya sita: viatu

Ukitaka vya kutembea, Stan Smith ya mtumba inatosha. Ukitaka vya kuchezea, angalia soli. Uwanja wa udongo unataka mistari ya pembe-pembe mwili mzima wa soli, na soli laini ya kukimbilia barabarani itakuangusha. Tahadhari moja: raba zilizokaa miaka mingi ghalani, hata zikionekana mpya kabisa, povu lake la kati huoza na kuvunjika vipande ukianza kukimbia. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au inatoa ungaunga, usiinunue.

Nafasi ya saba: raketi ya jina la nyota

Huku ndiko pesa nyingi hupotelea. Raketi iliyoandikwa jina la mchezaji mara nyingi siyo anayoitumia. Wachezaji wa juu wengi hubaki na fremu ya zamani waliyoizoea, kisha kampuni huipaka rangi za toleo jipya linalouzwa. Hata inapokuwa sawa na yake, haikufai. Wilson Pro Staff RF97 ya Federer ina gramu 340 kabla ya kufungwa nyuzi, na mkono wa anayeanza utachoka kabla ya seti ya kwanza kuisha. Anayejifunza anahitaji nyepesi zaidi, na mtoto anahitaji fupi. Halafu kabla hujanunua yoyote, uliza kwenye klabu iliyo karibu nawe, iwe Nyanza Club au Rift Valley Sports Club, nani atakufungia nyuzi zikikatika, na kwa bei gani.

Vitu vyenye sahihi ya mchezaji usivinunue, awe nani anayeviuza. Kalamu ni shilingi ishirini, na cheti cha uhalisi huchapishwa kwenye saiba yoyote.

Kama pesa ya raketi ilikuwa ya mtoto anayempenda mchezaji fulani, mnunulie mipira. Mtoto mdogo aanze na yenye alama nyekundu, kisha ya machungwa, kisha ya kijani. Kila hatua inadunda kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia, naye hujifunza kupiga badala ya kukimbizana nayo. Kwa mkubwa anayenunua mipira ya kawaida ya kopo, angalia unakoishi. Shirikisho la tenisi la dunia lina aina ya mipira ya nyanda za juu, inayokusudiwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko chini kidogo ya hapo, kwa hiyo mpira wa kawaida unatenda kazi yake. Nakuru iko karibu mita 1,850, na Kakamega nayo imepita mstari huo. Huko mpira wa kawaida huruka mbali na kudunda juu kuliko unavyotarajia, kwa hiyo soma maandishi ya kopo kabla ya kulifungua, maana likishafunguliwa hewa huanza kutoka hata kama hujaanza kucheza.